Roho ya Asiyepigana Haiwi Bei ya Amani

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, kila ifikapo tarehe 6 Agosti redio hutukumbusha habari za mji wa Hiroshima, na kila mwaka habari hizo huzua mjadala barazani. Mwaka 2025, ilipotimia miaka 80 tangu bomu lile liangushwe, mjadala ulituingilia hadi katika darsa. Tulikuwa tumemaliza somo la fiqhi baada ya Maghrib, mlango wa hukumu za vita, kijana mmoja wa darasa la juu akauliza: "Ustadh, kama bomu moja lilimaliza vita vilivyokuwa vikiua watu kila siku, si hiyo ndiyo maslaha yenyewe? Kwa nini tuseme ni dhulma?"

Kabla hatujamjibu, mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akisubiri Isha akadakia: "Msimkaripie kijana. Marehemu baba yangu alikuwa Keya, Bama. Alirudi Tanga mzima kwa sababu Mjapani alisalimu amri. Lau vita vingeendelea, pengine mimi nisingezaliwa."

Tukanyamaza. Swali la kijana lilitaka elimu, na kauli ya mzee ilitaka adabu, kwani alikuwa akizungumzia uhai wake mwenyewe. Tuliahidi kulijibu jambo hili kwa maandishi ili lisije likajibiwa kwa haraka ya kukimbilia adhana. Tahariri hii ni kutimiza ahadi hiyo.

YALIYOTOKEA

Tuanze na yaliyothibiti. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo kwa saa za huko, ndege ya Marekani iliangusha bomu la urani juu ya Hiroshima. Alama waliyoilenga ilikuwa daraja lililo katikati ya mji, nalo bomu likalipuka hewani juu ya hospitali. Siku tatu baadaye, tarehe 9 Agosti, ndege nyingine iliondoka kwenda mji wa Kokura. Ilipoikuta Kokura imefunikwa, marubani hawauoni vyema, ikageuza njia na kwenda Nagasaki. Watu wa mji mmoja wakaishi na wa mji mwingine wakafa, kwa sababu ya ukungu na mawingu. Hadi kufikia mwisho wa mwaka ule inakadiriwa kuwa watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kwa bomu la Hiroshima, na wapatao 70,000 kwa lile la Nagasaki.

Ni kweli kwamba Hiroshima kulikuwa na makao makuu ya jeshi, na maelfu ya askari walikufa humo. Lakini waliokufa wengi zaidi hawakuwa askari. Walikuwamo maelfu ya wanafunzi waliotolewa madarasani asubuhi ile kubomoa nyumba ili kuzuia moto usienee iwapo mji utashambuliwa. Walikuwamo pia maelfu ya Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa chini ya Wajapani na wengi wao walipelekwa Japani kufanyishwa kazi kwa nguvu. Hao walikuwa wameonewa na Mjapani kwanza, kisha wakauawa kwa kosa la Mjapani.

Na jiwe lililotengenezewa bomu lile lilitoka wapi? Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, nchi ambayo watu wake huzungumza Kiswahili kama sisi. Machimbo yalikuwa ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, na mawe yake yalikuwa na urani nyingi kupita machimbo mengine yaliyojulikana wakati ule. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha tani zipatazo 1,200 hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Wachimbaji wa Kongo waliyabeba mawe hayo bila kuambiwa ni ya kazi gani. Basi asiseme mtu kwamba habari hii ni ya Wajapani na Wamarekani, sisi haituhusu. Jiwe lilitoka ardhi yetu, na askari aliyengoja vita viishe alitoka nyumba zetu.

HOJA YA WANAOHALALISHA

Uadilifu unatutaka tuieleze hoja ya mpinzani kwa nguvu zake zote kabla ya kuijibu. Hoja yenyewe ni hii: Japani ilikwisha kushindwa, lakini wakubwa wake hawakukubali kusalimu amri. Katika kisiwa cha Okinawa, baina ya Aprili na Juni 1945, walikufa Wamarekani zaidi ya 12,000, na askari wa Kijapani pamoja na wananchi wa kisiwa ambao idadi yao ilipindukia maradufu ya laki moja ukiwajumlisha wote. Kuivamia Japani yenyewe kulipangwa kuanze tarehe 1 Novemba 1945. Mwaka 1947 Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, aliandika kwamba uvamizi huo ungewagharimu Wamarekani peke yao zaidi ya milioni moja, waliokufa na waliojeruhiwa. Wakati huohuo, katika China na nchi nyingine zilizotekwa na Mjapani, watu walikuwa wakifa kila mwezi kwa njaa, maradhi na ukatili. Basi wakasema: bora wafe laki mbili, wapone mamilioni.

Sisi wa pwani tuna sehemu yetu katika hoja hii, nayo ndiyo aliyoitaja mzee wetu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya Tanganyika, ilipigana katika mvua na matope ya bonde la Kabaw huko Bama hadi ikaufikia mto Chindwin mwezi Desemba. Waliougua malaria, walioumwa na ruba, waliozikwa huko bila ya jamaa kuwaona, ni babu zetu. Mwenye kuicheka furaha yao siku vita vilipokwisha hana moyo. Nasi hatumlaumu aliyemshukuru Mwenyezi Mungu kwa kurudi kwao.

Lakini kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuokoka ni jambo moja, na kuhalalisha kila kilichofanywa siku ile ni jambo jingine. Yusuf (a.s.) alifika katika ufalme wa Misri kwa njia iliyoanzia kisimani, na hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba kwa hiyo nduguze walifanya sawa kumtupa. Mwenyezi Mungu hutoa heri katika yale waja wanayoyatenda kwa shari, na heri hiyo haiisafishi shari yao.

JE, HESABU YENYEWE NI SAHIHI?

Wapo waliojibu hoja hii kwa hesabu. Mwaka 1946 tume ya serikali ya Marekani iliyochunguza matokeo ya mashambulizi ya anga ilisema kwamba Japani ingesalimu amri kabla ya mwisho wa 1945 hata bila ya mabomu hayo na bila ya uvamizi. Admirali Leahy, mkuu wa majeshi aliyekaa karibu kabisa na Rais Truman, na Jenerali Eisenhower, ambaye baadaye alikuwa Rais, wote waliandika katika kumbukumbu zao kwamba hawakuona haja ya silaha ile. Wataalamu wa sayansi walioshiriki kuitengeneza walitia saini ombi mwezi Julai 1945 wakitaka Japani ipewe masharti na nafasi ya kusalimu amri kwanza. Tena Warusi walitangaza vita dhidi ya Japani tarehe 8 Agosti na kuingia Manchuria siku iliyofuata, na wanahistoria wengi huona kwamba pigo hilo liliwatisha wakubwa wa Japani kama bomu, au kupita bomu. Wengine huwajibu kwamba mfalme wa Japani mwenyewe alilitaja bomu alipowatangazia watu wake kusalimu amri. Mjadala huo haujakwisha, wala si sisi wa kuumaliza.

Tunasema hivi: hata tukimpa mpinzani hesabu yake yote kama alivyoiandika, bado hajathibitisha kwamba jambo lake ni halali. Amethibitisha kwamba lilikuwa na faida. Pombe na kamari zina manufaa, na Qur'ani yenyewe katika Suratul-Baqara imekiri hivyo, lakini manufaa hayo hayakuzifanya ziwe halali. Kijana aliuliza kuhusu maslaha, basi na turudi kwa wanazuoni waliolichambua neno hilo.

JAHAZI LA IMAM GHAZALI

Msingi wa sharia yetu katika vita uko wazi. Katika moja ya vita alikutwa mwanamke ameuawa. Mtume (s.a.w.) akachukizwa na akakataza kuuawa wanawake na watoto, kama alivyopokea Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Katika riwaya ya Abu Dawud alieleza sababu, kwamba mwanamke yule hakuwa mwenye kupigana, kisha akatuma mtu kwa Khalid bin Walid asimuue mwanamke wala kibarua. Na mwanamke yule alikuwa wa kaumu ya maadui. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipomwaga Yazid bin Abi Sufyan kwenda Sham alimwusia mambo kumi, na miongoni mwake ni kwamba asiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee mkongwe, asikate miti ya matunda wala kuharibu makazi ya watu. Imam Malik ameyapokea hayo katika Muwatta.

Atasema mwenye elimu: mbona imepokewa kwamba manjaniki, mtambo wa kurushia mawe, ilitumika dhidi ya Taif? Na mbona Mtume (s.a.w.), alipoulizwa na Sa'b bin Jaththama kuhusu wanawake na watoto wanaopatwa katika mashambulizi ya usiku, hakuwalaumu wapiganaji? Tunajibu kama walivyojibu wanazuoni: hayo ni ya asiyekusudiwa, aliyepatwa kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumpambanua na mpiganaji. Ama kuuchagua mji wenyewe uwe ndio shabaha, ukalenga katikati yake saa ya watu kwenda kazini na watoto kutoka majumbani, ili mauti yao yawatishe wakubwa wao, huko si kupatwa kwa bahati mbaya. Hapo mauaji ya raia ndiyo njia yenyewe ya ushindi.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliligusa suala letu hasa katika kitabu chake al-Mustasfa. Alizungumzia adui anayejikinga kwa mateka wasio na hatia: je, inafaa kumpiga adui hali tunajua mateka watakufa? Akasema haifai ila kwa masharti matatu yakutane pamoja. Iwe ni dharura isiyo na njia nyingine. Iwe ni yakini, si dhana. Na iwe ni jambo la umma mzima, kwamba wasipopigwa wote wataangamia, na mateka hao pia.

Kisha akatoa mifano ya yale yasiyotimiza masharti, na mmoja wao watu wa pwani tunauelewa kuliko wengine. Akasema: watu wamo katika jahazi, nalo linazama, na lau watamtupa mmoja wao baharini wengine wote wataokoka. Je, wamtupe? Akajibu: haifai. Kuzama kwa watu wa jahazi moja si kuangamia kwa umma, na mmoja hana kosa lililomfanya yeye awe mzigo na wengine wawe abiria.

Tulipousoma mfano huu mbele ya wanafunzi, mtoto wa mvuvi alitikisa kichwa akasema kwamba baharini watu hutupa shehena, hawatupi watu. Alikuwa ameifahamu mas'ala kuliko wengi waliosoma vitabu vikubwa.

Sasa tupime. Ilikuwa dharura? Njia nyingine zilikuwapo na zilitajwa wakati uleule na watu wao wenyewe. Ilikuwa yakini? Hakuna aliyejua kwa yakini kwamba Mjapani angesalimu amri, na ndiyo maana bomu la pili lilikuwa tayari. Ilikuwa kuangamia kwa umma? Marekani haikuwa katika hatari ya kufutika duniani, ilikuwa katika kutaka kumaliza vita ambavyo ushindi wake ulikwisha kuonekana. Hakuna hata sharti moja lililotimia. Na ikiwa jahazi zima haliokolewi kwa kumtupa abiria mmoja, vipi mji mzima utupwe ili safari ifike mapema?

KIPIMO CHA NYUMBANI

Anayeona hukumu hii ni ngumu mno aipime kwa damu ya nyumbani. Mwaka 1905 watu wa kusini mwa nchi yetu, kuanzia Umatumbi, walisimama dhidi ya Wajerumani katika vita vya Majimaji. Vita viliporefuka, ofisa wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimshauri Gavana von Götzen kwamba bunduki peke yake hazitatosha, na kwamba njaa ndiyo itakayowafanya watu wasalimu amri kabisa. Yakachomwa mashamba, yakatwaliwa maghala, vikateketezwa vijiji. Vita vilikwisha mwaka 1907. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa, walikuwa baina ya 250,000 na 300,000.

Hoja ya Wangenheim ina tofauti gani na ile ya mwaka 1945? Yeye pia alitaka vita viishe. Yeye pia alitaka askari wake wasife. Yeye pia angeweza kuonyesha kwenye karatasi kwamba njaa imefupisha mapigano. Hakuna Mtanzania hata mmoja anayesema kwamba alifanya sawa, na watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba ile ilikuwa dhulma. Basi tusiwe na mizani miwili, mmoja wa wafu wetu na mwingine wa wafu wa watu. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Maida, aya ya 8, ametuonya kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu, na amri hiyo haina maana ikiwa tutaitumia kwa tunaowapenda tu.

KIOO MBELE YETU

Ndugu zetu, hadi hapa wengi wanaosoma ukurasa huu watakuwa wametuunga mkono, kwa kuwa ni wepesi kwetu kumlaumu Mmarekani. Sasa tujiangalie wenyewe.

Tarehe 7 Agosti 1998, siku moja tu baada ya kumbukumbu ya Hiroshima, magari yenye mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Waliokufa wengi walikuwa Waafrika: makarani, walinzi, wapita njia, watu waliokuwa ndani ya mabasi, na Waislamu walikuwamo. Waliolifanya jambo lile walidai wanapigana na dola kubwa, na kwamba waliopatwa ni bei ya lazima. Ndiyo hoja ileile. Mwenye ndege alisema: nimewaua hawa ili vita viishe. Mwenye gari alisema: nimewaua hawa ili dhulma iishe. Wote wawili walimtupa baharini abiria asiye na kosa.

Na mwaka 2003 mwanachuoni mmoja wa Saudi Arabia, Nasir al-Fahd, aliandika risala ya kuhalalisha silaha za maangamizi dhidi ya makafiri, akijenga hoja juu ya kumlipa adui mfano wa aliyoyatenda. Risala hiyo ina aya na hadithi nyingi, na kijana asiyefundishwa usuli huona wingi wa dalili akadhani ndio usahihi wa dalili. Tunamwambia: aya ya 126 ya Suratun-Nahl, inayoruhusu kulipa mfano wa ulichotendewa, vitabu vya tafsiri vimeieleza kwamba ilishuka baada ya Uhud, Mtume (s.a.w.) alipouona mwili wa ami yake Hamza umekatwakatwa. Aya ikaweka mpaka, kisha ikasema kwamba kusubiri ni bora zaidi, naye Mtume akachagua subira. Na kulipiza kunamwelekea aliyetenda, kwa kuwa Suratul-An'aam, aya ya 164, imekata kauli kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Mtoto wa Nagasaki hakubeba mzigo wa jenerali wa Tokyo, na mtoto wa New York habebi mzigo wa rubani wa Hiroshima.

Uislahi tunaojinasibisha nao hauna maana ikiwa tutasahihisha namna watu wanavyozika na wanavyosoma maulidi, kisha tukaacha hoja za Wangenheim na Stimson ziingie madrasani zimevaa kilemba.

KUWA NAYO BILA KUITUMIA

Limebaki suala la mwisho: je, Mwislamu au Mwafrika awe nayo tu ili aogopwe? Mwaka 1979, katika mihadhara yake ya BBC, Profesa Ali Mazrui wa Mombasa alisema kwamba Afrika nayo iingie katika silaha za nyuklia, kwa kuwa wakubwa hawataziacha mpaka waone zimefika mikononi mwa wale wasiowaamini. Huyu ni mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyekuwa akitoa gazeti la al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, na ambaye sisi tunaofanya kazi hii ya kalamu tunamhesabu miongoni mwa walimu wetu. Hatuwezi kulipita neno la mwanawe bila heshima. Mei 1998, Pakistan ilipofanya majaribio yake, wako Waislamu wengi waliofurahi kwa sababu hiyohiyo, wakiitaja amri ya kuandaa nguvu iliyomo katika Suratul-Anfal.

Kwa heshima hiyo tunasema kwamba hatukubaliani naye. Kitisho hakitishi ila mwenye nacho awe tayari kukitenda, na aliye tayari kutenda haramu amekwisha kuufunga moyo wake juu ya haramu. Nguvu tuliyoamrishwa kuiandaa ni ile inayoweza kutumika ndani ya mipaka, na silaha isiyompambanua askari na mtoto mchanga haina mpaka. Afrika yenyewe imechagua njia nyingine. Afrika Kusini iliyaunda mabomu sita kisha ikayavunja, na Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996 na kuanza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009, umelifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha hizo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Lakini mkataba ukiachwa kwenye kabati hauzuii kitu. Nchini mwetu urani imepatikana katika Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Leseni ya kuichimba ilitolewa mwaka 2013, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuichakata. Ni Ruvuma ileile ambayo njaa ya Majimaji iliiangamiza, na ambayo mwaka 1906 wakubwa wa Wangoni walinyongwa mjini Songea. Hatusemi kuchimba urani ni haramu, kwani huwasha taa na hutibu wagonjwa. Tunasema kwamba mchimbaji wa Shinkolobwe ana udhuru mbele ya Mola wake, kwa kuwa hakuambiwa na hakuweza kuuliza. Sisi tuna wabunge, tuna mikataba, tuna magazeti na tuna ndimi. Kila shehena itakayotoka, wananchi wana haki ya kujua imeuzwa kwa nani na kwa kazi gani, na ni wajibu wetu kuuliza.

Basi tunamjibu kijana wetu: maslaha si kila lenye faida, bali ni lile lenye faida bila kuvunja alichokiharimisha Mwenyezi Mungu, na roho ya asiyepigana ni katika vilivyoharimishwa zaidi. Na tunamjibu mzee wetu kwa adabu: tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemrudisha baba yako, na tunamwombea rehma. Hukuzaliwa kwa hisani ya bomu, umezaliwa kwa kudra ya Aliyekuandikia umri kabla ya bomu. Huna deni kwa walioliangusha. Ukipenda kuwa na deni, uwe nalo kwa watoto wa Hiroshima, nalo hulipwa kwa kukataa wengine wasiuawe mfano wao.

Tunawanasihi walimu wenzetu wasiruke mlango wa hukumu za vita kwa kuogopa maneno ya watu. Kijana asipoyasikia masharti ya Ghazali kwetu, atausikia mlango huo kwa mwingine bila masharti. Na tunawanasihi maimamu waitaje tarehe 7 Agosti katika hotuba zao kama wanavyozitaja dhulma wanazotendewa Waislamu, ili watu wajue kwamba mizani yetu ni mmoja.

Ewe Mola wetu, tuepushe na dhulma, tusiitende wala tusiihalalishe. Wabillahi tawfiq.